Mama Alipokonda

Mama alitoka kutembea kila asubuhi, saa ile wafanyakazi wa viwandani wanapoteremka kwenda stesheni ya treni, ili asiwe peke yake barabarani. Alivaa raba za kaka yangu aliyehamia mji wa Gqeberha, akashika fimbo ya kufukuzia mbwa, akaenda mpaka stesheni na kurudi. Alipoingia ndani jasho likimtoka, mimi nilikuwa nimeshapika uji wa mtama. Tuliunywa bila sukari. Siku za mwanzo tulikunja nyuso kama watu wanaomeza dawa, baadaye tukazoea.

Hakuanza kutembea kwa kupenda. Sista Fezeka, muuguzi wa kliniki yetu hapa Mdantsane, Afrika Kusini, alikuwa amempima akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba sukari iko juu, presha iko juu, na akiendelea hivyo miguu itakufa ganzi. Aache soda, apunguze vya kukaanga, atembee. Mama kutwa nzima alikuwa ameketi kwenye cherehani kiwandani, akishona vitambaa vya viti vya magari, na jioni aliketi tena kwenye teksi, yale mabasi madogo ya abiria, kurudi nyumbani. Basi akaanza kutembea, na mwili ukaanza kupungua.

Ni jambo la kufurahia, au sivyo? Ngoja nikueleze watu wa kwetu walivyolipokea, maana mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kwetu mwanamke mnene husifiwa. Mama alipokuwa hawezi kupanda ngazi za kanisa bila kusimama kuvuta pumzi, watu walimwambia, "MaBhele, umenawiri." MaBhele ni jina la ukoo wake, na ndivyo anavyoitwa kwa heshima. Walimsifu hata baba yangu, aliyeko migodini Rustenburg, kwamba huyo ndiye mwanamume anayejua kutunza mke. Hakuna aliyeuliza kwa nini MaBhele anahema. Lakini alipoanza kukonda, sifa zilikatika ghafla. Watu wakawa wanamtazama, wakitazamana.

Mimi pia nilikuwa mnene. Darasani waliniita Tangi. Na unene wangu naweza kukuonyesha ulikotoka, huhitaji daktari. Kutoka mlangoni kwetu hadi shuleni, kila kona kulikuwa na mtu anayekaanga magwinya, yale maandazi makubwa yanayopasuliwa na kujazwa soseji. Tufaha lilikuwa mjini, kwenye duka kubwa, na kulifikia ni lazima upande teksi. Uwanja ambao Mama alichezea netiboli utotoni ulikuwa umezungushiwa ukuta ukawa ghala la pombe. Na shuleni kwetu mabomba ya maji yalikuwa makavu tangu nilipoanza darasa la kwanza.

Maji hayakuwepo, lakini soda ilikuwepo. Friji la kijani la kampuni ya soda lilisimama karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, likinguruma kutwa. Mwenye hela alikunywa soda. Asiye na hela alimbembeleza mwenzake funda moja, au alimeza mate mpaka saa ya kurudi nyumbani. Pale getini, jina la shule liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha ya chupa yenye urefu wa mtu mzima. Kisha mwalimu wa michezo ananiambia mimi, mbele ya darasa zima, kwamba nipunguze kula. Watu wengine hawana soni.

Turudi kwa Mama. Alhamisi mchana ndiyo siku ya Umoja wa Akina Mama kanisani. Wanawake huvaa blauzi nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe, na sare hiyo kwao si mchezo. Mama aliomba ruhusa kiwandani kila Alhamisi, akaja na blauzi yake. Sasa blauzi ilimpwaya. Mabega yalimteremka, kola ikabaki imesimama mbali na shingo. Mwenyekiti wa Umoja, MamTolo, ambaye pia ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alimtazama siku ile kuanzia kofia mpaka viatu na hakusema kitu.

Hakusema kwake, lakini alisema kwingine. Nilipokwenda kununua mkate, nilikuta wanawake wawili dukani wakizungumza kwa sauti ya chini, wakaninyamazia nilipoingia. Mmoja akaniuliza kama Mama anapata usingizi. Mwingine akauliza kama Baba alikuja Desemba iliyopita na kama naye amekonda. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Walikuwa wanasema Mama ana zile herufi tatu, kwamba Baba amemletea virusi vya UKIMWI kutoka migodini. Kwetu ukikonda huwezi kuwa unapona. Ukikonda unakufa.

Jumamosi moja Mama alikuwa juu ya stuli akifuta madirisha, huku akiimba, nami nafua uani. Tukasikia nyimbo getini, zile za taratibu zinazoimbwa anapotembelewa mgonjwa asiyeinuka kitandani. Ni Umoja mzima, wamevaa sare kamili. Mama akateremka na kitambaa chake mkononi, akatazama barabarani kujua ni nani aliyekufa. Wakaingia moja kwa moja, wakamketisha kwenye kochi, wakamzunguka, wakaanza kumwombea roho yake ipokelewe.

Nilisimama mlangoni na povu mikononi. Nilitaka kucheka, kisha nikaona uso wa Mama na kicheko kikanikauka.

Hawakuja mikono mitupu. Kwetu mgonjwa haendewi hivyo. Walileta ndoo ya skonzi, sahani ya nyama ya kondoo yenye mafuta yaliyoganda juu, keki, na chupa kubwa kubwa za soda ya kijani. MamTolo alijaza glasi hadi pomoni, akaiweka mikononi mwa Mama.

"Kunywa, dada," alisema. "Damu irudi. Hatutaki kukuzika ukiwa hivi."

Mama alieleza. Aliwaambia ni sukari, ni maagizo ya kliniki, kwamba sasa analala vizuri na magoti hayamuumi. Wakatikisa vichwa kwa huruma, kama unavyomsikiliza mtu anayeficha jambo. Mmoja alimshika mkono akamwambia hakuna aibu, hata binti yake anameza vidonge. Chakula cha maombi hakikataliwi, ukikikataa umewatukana waliokuombea. Mama alikunywa ile glasi mpaka mwisho. Nilimwona koo likipanda na kushuka.

Jumatatu hakutoka kutembea. Nilipomuuliza, alisema watu wanasimama madirishani kumtazama akipita, na wengine wamempigia Baba simu kumlaumu. Jumanne hakutoka pia. Raba za kaka zikarudi chini ya kitanda. Jioni alianza kupitia kwa wakaanga magwinya, akala hapo hapo mbele za watu, ili wamwone. Nilimwambia, Mama, Sista Fezeka alisema nini? Akanijibu kwamba Sista Fezeka haishi mtaa huu.

Mwili ukarudi. Na sifa nazo zikarudi, tena na nyongeza. MaBhele amepona, walisema, maombi yamejibiwa. MamTolo alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Watu wakapiga vigelegele, na Mama akacheza katikati ya mstari akiwa na viatu vipya vilivyombana, vile vilivyoendana na sketi.

Kiatu kilimchubua kidole na hakusikia. Hilo ndilo Sista Fezeka alilolisema mapema: mguu ukifa ganzi, mwenyewe hana habari. Mama alizunguka na kile kidonda ndani ya soksi, akienda kazini na kurudi, mpaka mimi niliposikia harufu nikidhani ni panya amefia chini ya kabati. Alipovua soksi tulitazamana. Kidole kilikuwa cheusi.

Sista Fezeka hakumgombeza. Aliandika barua ya hospitali kwa hasira, kisha yeye mwenyewe akamwita dereva wa gari la wagonjwa. Hospitalini walikata vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Daktari akasema kwamba akichelewa tena watakata gotini.

Usiku huo nililala kwa mamkubwa, ila sikulala. Nilikuwa na hasira na kila mtu, mmoja mmoja kwa jina lake. Nilikuwa na hasira na Mama pia, nikajichukia kwa hilo.

Siku ya pili saa ya kutazama wagonjwa, MamTolo aliingia wodini na blauzi yake nyekundu. Alimbusu Mama, akalia kidogo, machozi ya kweli. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya soda ya kijani, ya baridi, akaiweka juu ya kabati la kitandani.

Mtoto hamkaripii mtu mzima. Najua hivyo, nimelelewa. Lakini niliichukua ile chupa, nikaenda nayo kwenye sinki la wodi mbele ya wagonjwa wote, nikaifungua na kuimwaga mpaka povu la mwisho.

"MaBhele, huyu mtoto hana adabu," alisema MamTolo.

"Mwache," Mama akasema. "Amefanya nilichoshindwa mimi siku ile mlipokuja nyumbani. Inua shuka hilo, MamTolo."

MamTolo akasita. Mama akarudia. Akainua shuka, akaona bandeji na umbo la mguu uliopunguzwa, akaliachia haraka.

Mama akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hakuwa anakufa alipokonda. Alikuwa anapona. Aliwaambia wote kochini pale na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu walikuwa wameshaamua ugonjwa wake. "Na ningekuwa na hizo herufi tatu, je?" aliuliza. "Soda ndiyo dawa yake? Wangapi kwenye Umoja wanameza vidonge na wanaishi, wakiwa wanene au wembamba? Mlinisifu nilipokuwa naumwa na mkanililia nilipokuwa napona. Nenda ukafikirie."

MamTolo alikwenda. Hakuaga.

Mama aliporudi nyumbani, akitembelea gongo, alikuta tangazo kutoka shuleni. Wazazi wote waliitwa Jumapili mchana. Kampuni ya soda inaleta friji jipya, kubwa zaidi, na sare za netiboli zenye chapa yake, na kibao kipya cha getini. Wazazi walitakiwa kukubali. Mama aliniomba nimletee viatu. Nilimwambia bado anaumwa, akaniambia nisimpandishe presha.

Darasa lilijaa pomoni. Bwana Sigwela, mwalimu mkuu, alimkaribisha mgeni wa kampuni, mwanamume mwenye tai ya kijani na meno mazuri. Mgeni huyo alizungumza vizuri, lazima niseme. Alisema kampuni yake inahuzunishwa na unene katika miji yetu. Watoto hawachezi, wanatazama simu. Wazazi wamechoka, hawafuatilii watoto wanakula nini. Ndiyo maana wanaleta sare za netiboli, watoto wakimbie. Halafu akafungua mikono yake miwili.

"Hakuna anayemlazimisha mtu kunywa," alisema. "Kila mmoja anachagua mwenyewe."

Watu wakapiga makofi, hata wale niliowaona wakihema kwenye ngazi. Ndipo Mama aliposimama kwa gongo lake. Ilichukua muda, darasa zima likimngoja.

"Naitwa MaBhele, mama yake Zimkhitha," alisema. "Bwana mkubwa, ninaomba maji ya kunywa."

Mgeni akatabasamu, akamwashiria Bwana Sigwela amletee mama maji. Bwana Sigwela akatazama chini. Akasema mabomba hayafanyi kazi, ila kuna soda kwenye friji, ataletewa moja bure.

"Siruhusiwi soda. Mimi ni mgonjwa wa kisukari," Mama akasema. "Nichagulie kingine."

Hakukuwa na kingine. Mama akamwambia kwamba huko ndiko kuchagua kwa mwanawe, kila siku, tangu darasa la kwanza. Mtoto mwenye kiu anaonyeshwa friji. Akinenepa anaitwa Tangi, na mama yake anaitwa mzembe. Akauliza wakimbilie wapi na hizo sare za netiboli, kwenye ghala la pombe?

Bwana Sigwela alijitetea, naye alikuwa na lake la kusema. Aliiandikia halmashauri ya mji zamani, akajibiwa kwamba wamepokea barua. Hakufuatilia tena. Faida ya friji ndiyo inayonunua karatasi za choo na wino wa mitihani, alisema, na sauti yake haikuwa na kiburi.

"Karatasi ya choo tutaitafuta kwa njia nyingine, mwalimu," Mama akamjibu. "Mguu wangu sina njia nyingine ya kuupata."

Nyuma ya darasa mtu akasimama, kiti kikalia. Alikuwa MamTolo. Sikutegemea, na mwanzoni nilidhani anakuja kumtetea mgeni. Alisema yeye ndiye aliyeeneza kwamba MaBhele ana virusi. Yeye ndiye aliyemjazia glasi na kuisimamia mpaka ikaisha. Hakuna kampuni iliyomtuma. "Lakini nilipotafuta zawadi ya kumpelekea mgonjwa," alisema, "niliipata soda kila duka la mtaa huu, na chungwa sikulipata hata moja." Akaketi akajifunika uso na kofia yake nyeupe.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kusema. Walizozana sana. Kuna baba mmoja alisema tunafukuza riziki mlangoni, na wapo waliomuunga mkono. Lakini kura ilipopigwa, wengi walikataa friji jipya na wakataka la zamani liondolewe mpaka maji yatoke. Mgeni alikusanya karatasi zake akaondoka na tabasamu lake lile lile. Sare hazikuja.

Jumamosi iliyofuata akina baba walikuja shuleni na sululu, wakachimba kufuata bomba kutoka barabarani. Hawakwenda mbali. Koki kubwa iliyo karibu na ukuta ilikuwa imefungwa, imeota kutu, pengine tangu siku bomba lilipopasuka likazibwa, kisha mtu akasahau kuifungua. Hakuna aliyekwenda kuangalia, maana watoto walikuwa na cha kunywa. Walipoifungua, maji yalikohoa, yakatoka ya kahawia, kisha yakawa meupe. Niliyanywa mpaka tumbo likaniuma, na hasira haikuisha. Kitu kidogo vile.

Ilikuwa bado giza jepesi siku mlango wetu ulipogongwa. Kidonda cha Mama kilikuwa kimefunga, Sista Fezeka alikuwa amempa kiatu maalumu na ruhusa ya kutembea polepole hadi mwisho wa mtaa. Nilifungua nikamkuta MamTolo, amevaa suruali ya michezo ya mumewe na kitambaa kichwani. Aliuliza kama MaBhele anatembea leo, kwa sababu na yeye amepimwa na sukari yake iko juu.

Mama alivaa kiatu chake akatoka. Tukatembea watatu, mimi katikati. Wafanyakazi waliokuwa wakienda stesheni walitusalimu. Watu walisimama madirishani kama kawaida yao, na safari hii MamTolo aliwapungia mkono mmoja mmoja mpaka wakajificha. Tulipofika mwisho wa mtaa, alishindwa kuvumilia.

"MaBhele, hivi kosa ni la nani hasa? Niambie kama ni langu peke yangu, nijue moja."

Mama alisimama kupumzisha mguu.

"Si lako peke yako," alisema. "Yule mwenye tai aliweka soda mahali pa maji, na bado analala usingizi mzuri, kwa hiyo mlango wake tutaendelea kuugonga. Wakubwa wa mji walikula uwanja wetu. Mwalimu aliandika barua moja akachoka. Wewe ulinipima kwa macho ukanihukumu. Na mimi nilijua ukweli, nikaogopa maneno ya watu kuliko kidonda. Zimkhitha, shika hilo. Kosa likiwa la wengi, kila mmoja humtazama mwenzake na hakuna anayelibeba. Wewe ukilijua lako, libebe, kisha umwambie na mwingine lake, hata kama ana tai."

MamTolo alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Akauliza kwa sauti ndogo kama amesamehewa.

"Nimekusamehe," Mama akasema. "Lakini hasira ninayo bado, na nikikaa nayo itanipandisha presha. Tembea."